Binti, Meduse na Mwiba Ulioibwa (Sehemu ya Kwanza)

"Binti" ni riwaya fupi ya mwandishi Nnedi Okorafor, iliyochapishwa kwa Kiingereza Septemba 2015 na kampuni ya Tor ya Marekani. Inamhusu msichana wa miaka 16 wa jamii ya Wahimba wa Namibia, bingwa wa hisabati, anayetoroka kwao usiku ili akasome katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Kabla hajafika, chombo alichopanda kinavamiwa na viumbe wasio binadamu, na hesabu aliyorithi kwa baba yake inabaki kuwa miongoni mwa vitu vichache alivyonavyo mkononi. Mwaka 2016 riwaya hii ilipata tuzo za Nebula na Hugo, ambazo ndizo kubwa zaidi katika hadithi za kisayansi, kwa upande wa riwaya fupi. Vitabu viwili vya kuiendeleza vilitoka 2017 na 2018, na mwaka 2019 vyote vitatu viliwekwa ndani ya jalada moja.

Okorafor alizaliwa 1974 mjini Cincinnati, Marekani, na wazazi Waigbo waliotoka Nigeria. Ujanani alikuwa mcheza tenisi hodari. Alipokuwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo uliomwacha amepooza kwa muda, na ni katika kipindi hicho cha kulala kitandani ndipo alipoanza kuandika. Kabla ya "Binti" alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa "Who Fears Death" (2010), iliyopata tuzo ya World Fantasy, na "Lagoon" (2014), ambamo wageni kutoka anga za mbali wanatua baharini mbele ya jiji la Lagos. Uchaguzi huo wa Lagos si jambo dogo. Kwa zaidi ya karne moja wageni hao, walipotungwa, mara nyingi walikuwa wakitua London au New York, utadhani sehemu nyingine za dunia hazionekani kutoka juu.

Jina la mhusika ni la Kiswahili, ingawa mwenye jina hilo ni Mhimba na mtunzi ni Muigbo. Kiswahili kimezoea safari za namna hiyo. Mwaka 1966 tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilimpa ofisa wa mawasiliano wa chombo chake cha angani jina la Uhura, lililotokana na "uhuru". Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru. Ikawa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota.

Kisa chenyewe kinaanzia katika Namibia ya karne nyingi zijazo. Wahimba bado wanajipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, ngozini na kwenye nywele, kama wanawake wao wanavyofanya leo. Bado hawapendi kuondoka kwao. Lakini katika dunia hiyo ya kubuni wao ndio mafundi wanaotegemewa kwa kutengeneza astrolabu. Zamani astrolabu ilikuwa chombo cha shaba cha kupimia nyota, kilichoboreshwa sana na wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu; katika riwaya ni kifaa cha mfukoni kinachofanya kazi ya simu, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa kwa pamoja, kinachobeba maisha yote ya mwenye nacho. Babake Binti ni fundi mashuhuri wa vifaa hivyo, na Binti ndiye mrithi wake. Ana cheo ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa mpatanishi mkuu: mtu anayeweza kuzifanya nguvu zinazopingana zikakaa pamoja, ziwe mikondo ya umeme ndani ya kifaa au watu wawili wanaogombana.

Chuo kinaitwa Oomza, nacho kimeenea sayari nzima. Wanafunzi wake wengi si binadamu, na hata wale wachache walio binadamu karibu wote ni Wakhoush, kabila kubwa lenye mali na elimu, ambalo huwatazama Wahimba kama watu wa nyuma wanaonuka udongo. Binti ndiye Mhimba wa kwanza kukubaliwa. Anaondoka bila kuaga, anapanda chombo kiitwacho Third Fish, ambacho chenyewe ni kiumbe hai kinachofanana na kamba mkubwa, na humo anapata marafiki wapya wanaopenda hesabu kama yeye. Siku chache kabla ya kutua, wakiwa mezani, chombo kinavamiwa na Meduse. Hawa ni viumbe wanaoelea, wenye umbo la konyeza, yule mnyama laini wa baharini ambaye wengine humwita yavuyavu na ambaye wavuvi wa Kunduchi na Msasani, Dar es Salaam, humkwepa kwa sababu ya kuwasha kwake. Okorafor amesimulia kwamba wazo hilo lilimjia alipomwona konyeza wa rangi ya bluu katika maji ya Sharjah, kwenye Falme za Kiarabu. Ndani ya muda mfupi wanafunzi wote wamekufa, akiwamo kijana Heru, ambaye Binti alikuwa ameanza kumpenda. Wanaobaki ni Binti na rubani tu.

Kinachomwokoa ni kitu kidogo cha chuma alichookota zamani jangwani. Kwa jina kinaitwa edan, na hakuna ajuaye kilitengenezwa na nani wala kwa kazi gani. Meduse wakikigusa wanadhurika, na Binti akikishika anaelewa lugha yao. Siku kadhaa anajifungia chumbani, akizungumza kupitia mlangoni na Meduse kijana aitwaye Okwu. Hapo ndipo anapojua sababu ya mauaji. Wasomi wa Oomza walimkata mkuu wa Meduse mwiba wake, wakaupeleka chuoni na kuuweka katika makumbusho ya silaha ili watu wautazame. Meduse wanakwenda kuudai, na mpango wao ni kuingia chuoni kwa hila na kuua tena. Binti anajitolea kuwa msemaji wao. Wanamkubali, ila wanamchoma kwanza mwiba mgongoni, na kuanzia hapo nywele zake zinageuka kuwa minyiri ya bluu. Anasimama mbele ya maprofesa, anasema hoja ya Meduse, mwiba unarudishwa, na Okwu anasajiliwa kuwa mwanafunzi wa kwanza wa kabila lake.

Hisabati ya riwaya hii haifanani na ile ambayo wengi wanaikumbuka kutoka shuleni. Binti anapoogopa, au anapotaka kukitengeneza kifaa kilichoharibika, huanza kurudia milinganyo kichwani hadi akili inatulia, sauti za nje zinafifia, na namba zinatiririka zenyewe. Katika hali hiyo anaweza kuita mkondo wa nguvu na kuuelekeza atakako. Sehemu ya mkondo ni ndoto ya mtunzi. Hali ya kuzama yenyewe inajulikana vizuri, na si lazima kwenda chuo kikuu kuiona. Katika vijiwe vya bao vya Magomeni na Temeke, mchezaji mkongwe hukaa dakika nzima bila kugusa kete, macho yakiwa ubaoni, huku akiwa amekwisha kucheza kichwani zamu yake, jibu la mpinzani, na zamu ya baada ya hapo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Kila kete inayotupwa hubadilisha hesabu ya mashimo yote yaliyo mbele yake, kwa hiyo kujua kete ya mwisho itaangukia wapi baada ya mizunguko mitatu au minne ni kazi nzito kuliko inavyoonekana kwa mpita njia. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar mwaka 1995, akitaka kujua ukomo wa akili ya mtu katika kuona mbele namna hiyo.

Jambo la kina zaidi limo katika nywele za Binti. Misuko yake imepangwa kwa pembetatu zinazokamatana bila kuacha pengo, na ndani ya mpangilio huo mna maandishi ya siri: ukoo wake, utamaduni wake, historia ya watu wake. Fumbo hilo lilibuniwa na baba, na mama pamoja na mama zake wadogo na shangazi ndio waliomfundisha kulisuka. Wakhoush wanaziona nywele hizo na kucheka. Heru peke yake ndiye anayetambua kwamba ni hesabu, na ndiyo maana Binti anampenda.

Msomaji wa Manzese, Tandika au Mbagala hahitaji kubuni chochote ili kuelewa ukurasa huo. Msusi anayesuka rasta za pembetatu huanza kwa mkia wa kitana, akichora mistari kwenye ngozi ya kichwa. Kama kichwa kingekuwa bapa kama sakafu, kazi ingekuwa rahisi: pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60, na sita zikikutana mahali pamoja zinatimiza nyuzi 360 bila kubaki pengo. Kichwa lakini ni mviringo, na juu ya mviringo pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa zaidi ya nyuzi 180. Pembetatu sita zenye pande sawa haziwezi kukutana hapo bila kubanana. Kwa hiyo msusi huzifanya kubwa utosini, anazipunguza zinaposhuka nyuma ya sikio, na anaiba kidogo upande mmoja ili mstari wa mwisho, kule kisogoni, usije ukaishia na nusu pembetatu. Mteja anataka tu atoke amependeza. Tatizo analolitatua msusi, la kutandaza umbo bapa juu ya kitu cha mviringo, ndilo hilo hilo lililowasumbua wachora ramani tangu walipojua dunia ni tufe.

Msuko wa twende kilioni nao una siri yake. Kila fundo la msuko linaongeza nywele kidogo kutoka kichwani, linasogea mbele, linageuka kidogo kufuata mkunjo wa kichwa, na linakuwa kubwa au dogo kuliko lililotangulia. Kanuni ni moja, inarudiwa mara nyingi, na kila marudio yanaanzia pale yaliyotangulia yalipoishia. Mtafiti wa Marekani Ron Eglash alilichunguza jambo hili katika misuko, vitambaa na mipango ya vijiji vya Afrika, akachapisha kitabu mwaka 1999 kinachodai kwamba mifumo ya kujirudia ndani ya nafsi yake ni sehemu ya kawaida ya ubunifu wa Kiafrika. Wapo waliomwona amevuka mpaka katika baadhi ya mifano. Kuhusu misuko ni vigumu kumpinga.

Wanahisabati huita maumbo ya jinsi hiyo fraktali, jina lililotolewa na Benoit Mandelbrot mwaka 1975. Umbo mashuhuri kuliko yote, linalobeba jina lake, hutoka katika kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuijaribu. Chukua sifuri, izidishe kwa nafsi yake, ongeza namba fulani uliyoichagua, kisha jibu lizidishe tena kwa nafsi yake na uongeze namba ile ile, na uendelee hivyo. Ukichagua 1, majibu yanakwenda 1, 2, 5, 26, 677, yanakimbia bila breki. Ukichagua hasi 1, yanakwenda hasi 1, sifuri, hasi 1, sifuri, milele, hayatoki hapo. Mandelbrot aliuliza ni namba zipi zinazotulia na zipi zinazokimbia, zikiwamo namba za pande mbili ambazo huwekwa kwenye karatasi kama nukta. Alipozitia rangi zinazotulia, alipata umbo ambalo ukilikuza ukingo wake unakuta vijiumbo vinavyofanana nalo, na ukivikuza hivyo unakuta vingine, bila mwisho. Hii ndiyo hisabati inayoendana na akili ya Binti: kanuni fupi, mwendo mrefu, na utulivu au mlipuko vikitegemea namba uliyoichagua.

Kutumia hesabu kuwasiliana na viumbe wa mbali si wazo la Okorafor peke yake. Novemba 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilituma ujumbe kuelekea kundi la nyota lililo umbali wa takriban miaka 25,000 ya mwanga. Ujumbe ulikuwa na alama 1679. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni zao la 23 na 73, ambazo zote ni namba tasa, kwa hiyo kuna njia mbili tu za kuzipanga alama hizo katika mistari na safu zilizo sawa, na moja kati ya hizo inatoa picha. Walioandaa ujumbe waliamini kwamba kiumbe yeyote mwenye uwezo wa kuupokea atakuwa anajua namba tasa, hata kama hana masikio wala mdomo. Carl Sagan, aliyeshiriki katika jambo hilo, aliyatumia mawazo kama hayo katika riwaya yake "Contact" ya 1985.

Mwaka huo huo wa 1985 ilitoka "Ender's Game" ya Orson Scott Card, inayoonyesha sura nyingine ya kijana mwenye kipaji. Ender anachukuliwa akiwa mtoto, anafunzwa kwa michezo ya vita, na anaangamiza jamii nzima ya viumbe wa anga akidhani anafanya mazoezi. Katika mfululizo wa riwaya za Mchina Liu Cixin, ambao kitabu chake cha kwanza kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015, hofu imekwenda mbali zaidi: anayejulikana alipo ndiye anayeangamizwa. Kote huko kipaji cha hesabu ni mali ya jeshi au ya wanaojihami. Binti anatoka kwenye fundisho jingine kabisa. Hesabu yake ni ya kupatanisha, na adui yake ana dai la haki.

Mzizi wa hadithi hizi ni "The War of the Worlds" ya Mwingereza H. G. Wells, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza na silaha za miali ya moto, na taifa lililotawala robo ya dunia linakimbia hovyo barabarani. Wells alijua alichokuwa akikifanya. Katika sura ya kwanza anawakumbusha wasomaji wake namna walowezi wa Ulaya walivyowafuta watu wa Tasmania, halafu anauliza kama Waingereza wana haki ya kulalamika. Mwezi Julai wa mwaka huo huo wa 1898, katika nchi ya Uhehe, mtawala wake Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani, miaka saba baada ya kulivunja jeshi lao pale Lugalo. Wajerumani walimkata kichwa, na fuvu likasafirishwa kwenda Ujerumani.

Hapa riwaya ya Okorafor inakuwa karibu mno na msomaji wa Tanzania, pengine karibu kuliko ilivyo kwa msomaji wa Chicago. Mwiba wa mkuu wa Meduse ndani ya makumbusho ya chuo ni kitu ambacho historia ya nchi hii imekiona kwa macho. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya Bremen, ambako palikuwa na mafuvu 2000 hivi, na ilibidi achague. Uteuzi ulifanywa kwa hesabu: vipimo vya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki vililinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya yale yaliyokaribiana likachukuliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa, kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Hadi leo wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ni lenyewe.

Inafaa kuutazama mfano huu kwa muda. Mafuvu yalikusanywa na watu walioamini kwamba uwiano wa upana na urefu wa kichwa unaweza kutaja cheo cha binadamu. Rula na desimali zilitumika kudhalilisha. Kisha rula na desimali zile zile ndizo zilizotumika kutafuta la kurudisha, kwa sababu waliokusanya hawakuona umuhimu wa kuandika jina. Familia ya Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, imehangaika kwa miongo kulitafuta fuvu lake. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba DNA ya baadhi ya mafuvu waliyo nayo ililingana na ya watu wanaoishi Tanzania, na Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea. Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, bado imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Na mfupa wa Ishango, uliochongwa mikato ya kuhesabia miaka 20,000 hivi iliyopita kando ya Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo, na ambao wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa kumbukumbu kongwe za hisabati duniani, uko Brussels.

Mtu anayesafiri kwa daladala jijini Dar es Salaam kutoka Mwenge kuelekea mjini hupita kituo cha Sayansi, kilichopewa jina hilo kwa sababu ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mara baada yake kituo cha Makumbusho, kando ya Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, palipojengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya nchi. Vituo viwili jirani, kondakta huvitaja kwa pumzi moja. Katika riwaya ya Okorafor sayansi na makumbusho navyo ni jirani, na ujirani huo ndio chanzo cha vita. Chuo kikuu bora kuliko vyote angani ndicho kilichoiba. Wasomi walioshika mwiba hawakuwa askari. Walikuwa watafiti waliotaka kielelezo adimu.

Kasoro ya kitabu iko hapo hapo penye nguvu yake. Maprofesa wa Oomza wanasikiliza, wanajadiliana kidogo, wanakubali kosa na kurudisha mwiba, yote katika kikao kimoja. Msomaji anayejua safari ya fuvu la Mkwawa atatabasamu kwa uchungu. Taasisi hazirudishi vitu kirahisi hivyo, na zikirudisha hutanguliza tume, masharti na barua. Tena wanafunzi waliouawa ndani ya Third Fish wanasahauliwa upesi mno. Binti anakuwa rafiki wa Okwu, mmoja wa wauaji wa wenzake, kabla hata msomaji hajamaliza kumlilia Heru. Mtunzi analirudia jambo hilo katika kitabu cha pili, ambako ndoto mbaya zinamwandama msichana, lakini katika kitabu hiki cha kwanza deni hilo halijalipwa.

Kwa upande wa fasihi ya Kiswahili, tishio kutoka nje si geni. Riwaya pendwa za Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zilijaa maadui wa nje: Willy Gamba wa Elvis Musiba alipambana na mawakala wa Makaburu, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa alifumbua njama zilizotishia taifa zima. Katama Mkangi wa Kenya, katika "Walenisi" ya 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo katika ulimwengu mwingine ili kuikosoa jamii yake mwenyewe, na Euphrase Kezilahabi katika "Nagona" na "Mzingile" aliuvunja wakati na mahali kwa namna ambayo watunzi wa sayansi wangeionea wivu. Magazeti nayo yamekuwa yakitoa hadithi za mfululizo kwa wasomaji wa Kinondoni na Temeke. Kinachokosekana katika orodha hiyo ni shujaa ambaye silaha yake ni hesabu. Gamba ana bastola, Kiango ana ujanja na mvuto. Mwenye kalamu na mlinganyo hajapewa nafasi.

Pengine sababu iko madarasani. Katika matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, wanaofaulu Hisabati hawafiki theluthi ya watahiniwa, na kwa vijana wengi somo hilo limebaki kuwa jina la hofu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe kinafundisha walimu wa hisabati, na Chama cha Hisabati Tanzania kipo tangu miaka ya 1960, lakini hadithi ni kazi ya watunzi. Mali ghafi wanayo: bao, misuko, fuvu lililopimwa kwa rula, na wateja wanaosubiri gazeti la kesho.

Anayetaka kuisoma "Binti" aanze na kitabu cha kwanza, asirukie jalada la pamoja akaishia katikati. Kiingereza chake ni chepesi, chenyewe ni kifupi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukimudu bila kamusi nyingi. Sehemu ya pili ya makala haya itaingia katika vitabu viwili vilivyofuata, ambako Binti anarudi Namibia akiwa na Okwu kando yake, na anakuta kwamba kuwapatanisha Meduse na Wakhoush ni kazi ngumu kuliko ile ya angani.